Waliposema Tumesikia

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Agnes,

Shikamoo. Barua yako imefika, na nimefurahi kwamba mguu wa Mama umepungua uvimbe. Je, sasa anaweza kwenda mwenyewe kuokota korosho, au bado anawatuma majirani na kuwagombeza? Mimi mzima. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Nakula, nalala, sina homa. Asubuhi napiga pasi gauni langu la kazi na kola inasimama vizuri.

Umeuliza mbona nimekaa kimya. Nitakueleza yote, wala usinihurumie kabla hujafika mwisho.

Unajua kazi yangu hapa ni kumtafsiria Bibi Daktari, yule Mwingereza anayesimamia zahanati ya akina mama. Mwaka jana aliita wazee wa mtaa na wanawake wakubwa, akawaeleza habari ya chumba kipya cha kuzalia. Mkhoja, yule Mhindi mwenye duka la njiapanda, alitoa mabati, vijana wa Chang'ombe wakajitolea kufyatua matofali. Bibi Daktari akasema wanawake wote wazalie humo, na kondo la nyuma litachomwa pamoja na uchafu mwingine, kwa ajili ya usafi. Nikatafsiri. Kisha Bi. Tatu, mkunga wa mtaa, akasema, "Tumesikia." Wengine wakaitikia, "Tumesikia, mwanangu."

Nami nikamgeukia Bibi Daktari nikamwambia kwa Kiingereza: wamekubali.

Agnes, wewe unajua. Kwetu Masasi mtu akikwambia amesikia, amekwisha inuka kwenda kufanya. Baba alipotutuma tulijibu tumesikia, na asiyekwenda alikula fimbo. Sikudanganya. Nilisikia neno la pwani kwa sikio la kwetu.

Chumba kikajengwa, kikapakwa chokaa, vikaletwa vitanda vinne. Hakuja mtu. Mwezi wa kwanza tukasema ni mvua. Mwezi wa pili Mkhoja akanisimamisha dukani: "Sista, mabati yangu yanafunika popo tu?" Nilicheka naye.

Kisha ikaja zamu ya Mwanaidi. Ni jirani yangu, chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Uchungu ulimshika alfajiri ya Jumatatu. Niligonga mlango nikasema twende zahanati, ni hatua chache. Mama mkwe wake akanijibu kwa upole, "Tumesikia, mwanangu." Nikarudi kwangu kungoja wajifunge khanga zao tuondoke. Nilingoja mpaka jua likapanda, nikaenda kazini. Jumanne jioni walimleta zahanati wamembeba juu ya kitanda cha kamba. Mwanaidi alipona. Mtoto alitoka kimya. Alikuwa wa kiume, mwenye nywele nyingi.

Nilimwosha mimi. Nikanawa, nikala ugali wangu wote. Sikulia, na mpaka leo sijalia. Ni kama mkono ulioulalia usiku kucha, unauona ni wako lakini ukiugusa hauna habari.

Baada ya mazishi nilimwuliza Bi. Tatu kwa nini hawakuja, nao walikwisha kubali. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa nguo kinyume.

"Nani kakwambia tumekubali? Tulisema tumesikia. Adhana nayo tunaisikia sote, wangapi wanaokwenda msikitini?"

"Sasa mbona hamkukataa waziwazi?"

"Mgeni kaja na viti vyake, kasema kwa heshima. Tumkatae usoni? Sisi hatukulelewa hivyo. Lakini kondo la mtoto wetu lichomwe na takataka! Hilo huzikwa uani, mwanangu. Ni mwenzake mtoto."

Wiki hiyohiyo Bibi Daktari alinipa barua niwasomee wazee kwa Kiswahili. Alikuwa amewaandikia wakubwa wake kwamba watu wa Temeke waliahidi na kuvunja ahadi, hivyo chumba kifungwe na vitanda vipelekwe kwingine. Nikaishika karatasi ile. Nikisema kweli, kazi inaweza kwenda na mshahara wake, na Mama anajua maana yake. Nikinyamaza, chumba kinakwenda, na wanawake wanaitwa waongo kwa neno langu.

Nikasema. Alivua miwani.

"Kwa hiyo jibu lao ulilitoa wewe?"

"Ndiyo, Bibi."

Afadhali angenifokea. Aliichana barua vipande viwili akasema nimtafsirie mara moja tu tena, kisha ataamua.

Safari hii tulikwenda uani kwa Bi. Tatu, na Bibi Daktari akakaa mkekani, miguu ikimsumbua. Nilitafsiri kila kitu, hata neno la Bi. Tatu, "mwambie chumba chake kinanuka kama dawa ya kuulia papasi." Akacheka, wakacheka. Kondo watapewa wenyewe wakazike. Bi. Tatu ataingia na wanawake anaowazalisha, ila anawe kwa sabuni hadi viwikoni. Nikawauliza, mmekubali? Nikarudia mara ya pili, na ya tatu, mpaka mmoja akapiga kelele, "Jamani, huyu anatuozesha!" Ndipo Bi. Tatu akasema, "Tumekubali, andika." Nikaandika. Tangu siku hiyo wamezalia humo wanawake wawili.

Mimi nimeondolewa kwenye kutafsiri. Sasa napima uzito wa watoto. Mshahara umebaki uleule.

Jana nilikwenda kwa Mwanaidi kumwambia kwamba neno lile lilikuwa langu. Alikuwa anachagua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasogea, akanimiminia nusu ya mchele kwenye ungo mwingine. Tukachagua, mimi na yeye, mpaka mawe yakaisha. Sijui kama amenisamehe. Sikumwuliza, kwa kuwa najua angenijibu kwa adabu.

Mama usimsomee habari za mtoto. Mwambie napima watoto, atapenda. Mjomba mwashi mpe pole ya jicho, na shemeji yangu umwambie mbegu alizotuma zimeota. Mwalimu wangu wa zamani wa Kiingereza msalimie, lakini usimwambie kitu.

Ndimi mdogo wako, niliye mzima wa mwili,
Monika