Samaki wa Isiukhu na Jogoo wa Mama

Mjukuu wangu Muhonja,

Nyanya yako anakusalimu, goti lake lina nafuu. Unauliza kama niliwahi kuona samaki akivuliwa kisha akaachiliwa, kama unavyowafundisha vijana kambini huko.

Niliwahi. Mwaka wa Uhuru, mwalimu wa kambi ya vijana alitufundisha kufunga manyoya ya kuku kwenye ndoana, yafanane na nzi. Yangu niliyang'oa kwa jogoo ambaye mama aliwawekea wageni. Nikanasa samaki mkubwa. Mwalimu akasema, "Mrudishe mtoni, ana mayai." Sikuelewa, lakini nikamrudisha.

"Jogoo umemnyonyoa," mama akashangaa, "na samaki umemwacha?"

Tulikula ugali kwa chumvi. Asubuhi nikamkuta mama ukingoni mwa mto Isiukhu, akichungulia maji. Mpaka leo sijui kama alimtaka samaki yule ili amle, au alitaka kujua tu kwamba yuko hai.

Babu yako