Kiboksi Shingoni, Minza Ulingoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimekaanga sato tangu alfajiri. Mmoja kapasuka, mafuta yakaniruka mkononi. Nimemtukana, na ni samaki.

Kiboksi kiko shingoni, nimekibana kwenye ukosi wa blauzi. Kidogo kama kiberiti. Kinashika simu kwa blutuu. Waya uliopo ni wa kupanda masikioni tu. Simu naiacha dirishani, nazunguka uani na redio kichwani. Pembeni kina kidude cha kuzungusha. Nakizungusha mpaka mwisho. Minza anasema, bibi, utapasua ubongo. Nipasue. Ni wangu.

Sikio linalofanya kazi ni la kulia, nalo kwa kubembelezwa. La kushoto aliliua babu yake Minza kwa kofi. Nami nilimvunja kidole kwa mwiko. Amekufa, Mungu amtunze huko huko. Basi kipande cha kushoto cha hedifoni kinaning'inia bure kama chuchu ya mbuzi mzee.

Matangazo ya vifo yalikuwa marefu leo. Sikumjua hata mmoja. Siku njema.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda Mkolani kumwona Minza akifanya mazoezi. Mjukuu wangu ni bondia. Mama yake nilimzika mimi, mtoto nikambeba mgongoni nikikaanga samaki. Sasa anapiga watu. Kiboksi hiki ni zawadi ya pambano lake la pili.

Ameniwekea kitu kingine kwenye simu. Ukikiwasha, simu inakuwa sikio. Inasikia pale ilipo, kiboksi kinanikuzia pale nilipo. Haifiki mbali, hatua kumi na tano hivi. Nimeiweka karibu na gunia la ngumi, nikakaa nje nachambua mchicha. Kila ngumi imenipigia ndani ya fuvu. Du. Du-du. Pumzi yake inakwaruza. Nimesikia raha mbaya.

Kisha wakapigana yeye na kijana mmoja mzito. Nilisikia ngumi moja isiyofanana na nyingine. Laini, kama kukanyaga nyanya. Nyayo za Minza zikasimama. Kocha Masanja akasema, endelea.

Njiani Minza akaniapisha. Jumamosi ya wiki ijayo anapigana na binti wa Musoma. Akishinda, anakwenda Dar kugombea mkanda. Bibi, ulingoni usiingie, hata nikifa. Apa. Nikaapa kwa kaburi la mama yake. Mdomo wangu huo.

Ijumaa, 7 Machi

Leo kidogo niue mtu.

Jamaa kaja na harufu ya gongo, anataka samaki wa bure. Nikamwambia kanywe ziwa. Akaunyaka waya, kiboksi kikachomoka shingoni. Sikufikiri. Nilikuwa na kijiko cha kuopolea samaki, kinachuruzika mafuta. Nikampiga nacho usoni. Akapiga yowe, na bado hajaachia kiboksi. Minza akatoka ndani na kanga kifuani. Ngumi moja tu ilimpata. Jino likadondokea kwenye beseni la samaki wabichi.

Majirani walishangilia. Mama Doto wa jirani akasema, bibi na mjukuu, nyinyi si familia, nyinyi ni kikosi.

Kiboksi kimekwaruzika ubavuni. Kinafanya kazi. Beseni lote nikamwaga kwa mbwa. Siuzi samaki wenye jino la mlevi.

Lakini Minza alimkosa mara ya kwanza. Ngumi ya kwanza ilipita hewani, upande wa kulia. Mtu amesimama kama mlingoti, amemkosaje?

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi Minza amemimina chai nje ya kikombe. Pembeni kabisa, mezani. Alikuwa anakitazama. Akacheka, akafuta kwa mkono.

Nikamjazia kikombe.

Mimi ninayemfokea hata paka wa jirani, sikusema kitu. Nimeapa. Pia nilitaka aende Dar. Nataka hilo liandikwe.

Jumamosi, 15 Machi

Karatasi imeingia damu. Nitaandika hivyo hivyo.

Ukumbi ulijaa saa tisa mchana. Nilikaa mstari wa mbele, kandambili mguuni. Wazo la simu lilikuwa la Minza. Bibi, tuiweke kwenye kona yetu, usikie kama uko nami. Kocha akaitupa kwenye kikapu cha maji na taulo. Nikavaa hedifoni, nikazungusha mpaka mwisho.

Raundi mbili za kwanza alimchapa yule binti kama nguo chafu. Pua ya binti wa Musoma ikafunguka. Nilipiga kelele mpaka meno ya bandia yakacheza. Mmalize! Mpe tumbo! Aibu sina.

Raundi ya tatu binti akagundua. Akaanza kuzunguka upande wa kulia wa Minza. Kila ngumi ya upande huo ikaingia. Zote. Minza hazikwepi, hazioni zikija. Damu ikachirizika juu ya jicho. Watu wakafurahi zaidi.

Kengele. Akakaa kwenye kigoda. Mimi niko kando, watu wanapiga vuvuzela, lakini sauti yake ikaniingia sikioni kama amelala mgongoni kwangu.

Kocha, la kulia halioni kitu. Giza tupu tangu raundi ya pili.

Masanja akasema, raundi moja tu. Unaongoza kwa pointi. Mkumbatie, umalizie.

Minza akasema, sawa. Usimwambie bibi.

Alisahau simu iko kikapuni, karibu na mguu wake.

Kengele ikalia. Akasimama. Kichwa amekigeuza kama kuku, anamtafuta mwenzake kwa jicho moja. Ngumi ya kwanza ikampata pale pale. Nikasikia ile ya nyanya.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kanga yangu ikiruka kama taulo ya kusalimu amri, ikatua katikati ya ulingo. Mwamuzi akaipiga teke. Basi nikapanda mwenyewe. Mtu akanishika mguu, nikampiga teke la mdomo. Masanja akanizuia kwenye kamba, nikamzaba kofi hadi kofia ikaruka. Nikamkumbatia Minza kwa nyuma, nikang'ang'ania. Mwamuzi akapunga mikono. Pambano limekwisha. Ushindi wa Musoma.

Minza akajichomoa. Hakujua ni nani, au alijua. Akanisukuma kwa mikono yote miwili. Nikaanguka kwa mgongo. Akasimama juu yangu na damu yake ikanidondokea. Umeniua, bibi. Uliapa! Umeniua!

Chupa zikaanza kurushwa. Moja ikanipasua nyusi. Mtu akapaza sauti: mchawi huyo, kizee kaharibu mchezo! Wengine wakaitikia. Neno hilo huku kwetu, kwa mwanamke mzee, si utani. Nimezika wenzangu kwa neno hilo. Askari wakanitoa kwa mlango wa nyuma.

Nilikuwa bado nimevaa hedifoni. Simu ilibaki kikapuni. Nilisikia analia mpaka nikawa mbali, sauti ikakatika.

Jumapili, 16 Machi

Hospitali wanasema pazia la ndani ya jicho la Minza limechanika. Watalishona. Nikamwuliza daktari, ngumi moja zaidi ingempofusha? Akasema huenda. Huenda isingempofusha? Huenda.

Neno gani hilo la kumpa mtu aende nalo nyumbani.

Minza aligeukia ukutani nilipoingia. Uji wangu hakuugusa.

Jumanne, 18 Machi

Katoka hospitali. Kaenda kukaa kwa rafiki yake, huko mtaa wa Kiseke. Kanirudishia simu kwa mkono wa Mama Doto.

Nimekwenda kaburini kwa binti yangu. Nimemwambia, nilikuapia na nimevunja, na nikirudishwa pale navunja tena. Kama una hasira, nipige mimi, mwache mtoto.

Ijumaa, 21 Machi

Sijafungua redio wiki nzima. Kiboksi kimeisha chaji. Nakivaa hivyo hivyo.

Mteja kaniita mama ngumi. Nimemfukuza. Kisha nikamwita arudi, nikampa samaki. Hakuwa na kosa.

Ijumaa, 28 Machi

Sikukaa dawatini hata siku moja. Herufi hizi alinifundisha Minza akiwa darasa la tatu, kwa mkaa, sakafuni, mimi nikigeuza samaki. Nilikuwa nafikiria hilo alipoingia.

Jicho limefungwa bandeji. Shikamoo, akasema. Marahaba. Basi. Akakichukua kiboksi, akakiweka chaji. Akamimina chai, akaegesha kwanza mdomo wa birika kwenye kikombe. Haikumwagika.

Baadaye akanibana kiboksi kwenye ukosi, akakaa kushotoni kwangu. Kipande kile kinachoning'inia bure akakitia sikioni mwake. Redioni wanasoma bei za dagaa.

Bibi, kelele gani hizi? Akapunguza. Nikaongeza. Akapunguza tena, akaushikilia mkono wangu usirudi kwenye kidude.

Nikamwachia. Kwa sauti ndogo hiyo sikusikia tena neno hata moja mpaka kipindi kilipoisha. Nilikaa.