Jina la Mchezo wa Malishoni

Jumapili, Kamunyonge

Ningenyamaza tu. Swali lenyewe niliuliza la nini?

Leo nilienda Nyamuswa kumwona Baba. Kwenye televisheni walikuwa wanaonyesha gofu, akacheka. “Huo si wetu? Tulikuwaga tunaucheza malishoni, kwa fimbo iliyopinda na mpira wa kuchonga kwenye mzizi.”

Nikajifanya mjuaji. Nikamweleza nilichosoma: kwamba gofu hii ilikulia Uskoti, kwamba mfalme wao mmoja aliipiga marufuku kwa sababu vijana waliacha mazoezi ya upinde, na kwamba jina lake, wengi wanadhani, lilitoka kwenye neno la zamani la Kiholanzi, maana yake rungu.

“Hata sisi tulikatazwa,” akasema. “Ng'ombe waliingia kwenye pamba huku tunacheza. Tulichapwa!” Muda mrefu sijamwona amefurahi hivyo.

Hapo ndipo nikauliza: “Na nyie mliuitaje, Baba?”

Akafungua mdomo. Akaangalia mikono yake. “Nilikuwa nalo sasa hivi.”

Nikamwambia haina shida. Hakusikia.

“Mpigie Magesa. Nilichunga naye, yeye hasahau.”

Magesa tulimzika mwaka jana. Baba mwenyewe alitupia udongo. Ningemwambia nini? Nikaweka simu sikioni, nikasema hapatikani.

Jioni hii amenipigia. Jina la mchezo bado halijamrudia. Anauliza kama Magesa ameshapokea.