Farasi Ishirini wa Marekani na Mguu wa Lulu

Ijumaa, mwanzoni mwa Mei. Diani.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, ikarudi kabla sijamaliza kuanika vitambaa vya matandiko. Upepo wa kusi umeanza kutupa mwani ufukweni na harufu yake imefika mpaka zizini. Wageni ni wa kuhesabu. Moyo wangu hauko sawa, na sababu naijua.

Lulu anachechemea.

Haya, nimeandika. Nimekaa na jambo hili siku nne bila kumwambia mtu. Mimi ni saisi, mtunza farasi, katika zizi dogo linalowapandisha wageni ufukweni, na Lulu ndiye farasi jike mweupe niliyekabidhiwa. Mguu wake wa nyuma wa kushoto unagusa chini na kuondoka upesi, kidogo sana, kama mtu aliyekanyaga kokoto akaona haya kulalamika. Asiyemjua hawezi kuona.

Kwa nini nimenyamaza? Kwa sababu mara ya mwisho alipoumia, meneja wetu Kassim aliniambia kwa upole, lakini aliniambia, kwamba mwenye zizi hatalisha farasi wa kusimama. Akiumia tena atarudishwa bara, na mimi nitabaki nikisafisha chumba kitupu. Na kesho asubuhi kuna harusi katika hoteli ya jirani. Bibi harusi ametoka Nairobi, amemchagua Lulu kwenye picha, anataka kuja naye mchangani hadi mbele ya wageni wake, shela na kila kitu. Nilijiambia ni mwendo wa dakika kumi tu, Lulu atavumilia.

Kwa hiyo leo nikajificha kwenye mbio za Wamarekani.

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Mei, huko Kentucky, farasi ishirini wa miaka mitatu hushindana kwa maili moja na robo. Aghalabu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukimbia umbali huo, na ndiyo raha yake, kwani hakuna mjuzi anayeweza kuapa. Kwetu hiyo ni sikukuu. Baba yangu alikuwa saisi Nairobi kwa miaka mingi kabla hatujahamia Pwani, na siku moja kabla ya mbio hizi hukaa akawapanga wote, wa kwanza hadi wa mwisho. Hachezi kamari. Anataka tu kuwa sahihi, na akiwa sahihi hatupumui hapa nyumbani mwezi mzima.

Ana masharti yake. Jina la farasi halitajwi, wala la tajiri wake, wala la mpandaji, wala kwamba ameshinda mara ngapi. Hayo anayaita maneno ya magazeti. Anachotaka ni video za farasi akitembea asubuhi, akitoka bandani kwenda mazoezini, wakati hakuna anayempigia makofi. Majina huwapa yeye mwenyewe.

Mwaka huu macho yamemkataa. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili na bado anangoja zamu yake ya upasuaji. Basi leo nimekuwa macho yake. Tulikaa kwenye kibaraza cha vyumba vyetu, nyuma ya zizi, pale farasi wanapopita juu ya kabro, yale matofali ya saruji ya njiani, wakienda kuoshwa. Yeye na chai yake ya tangawizi, mimi na simu.

Wa kwanza alikuwa wa rangi ya kahawia, mkubwa, mwenye shingo nene. Baba aliuliza mguu wa nyuma unakanyaga wapi. Hapa Diani jambo hilo tunalipima maji yakitoka, kwenye mchanga ulioloa: ukikuta alama ya kwato ya nyuma imeipita ile ya mbele kwa upana wa kiganja, huyo ana mwendo. Nilisimamisha video, nikairudisha, nikaisimamisha tena. Viganja viwili, na huku anatembea tu, bila haraka, kama mtu mwenye funguo zote za ofisi. Baba alicheka akamwita Karani. Nakiri nilisisimka. Mwili mzito kiasi kile, na bado unabebwa kama hauna uzito.

Kisha mwekundu, miguu minne imevaa soksi nyeupe, anang'aa hadi simu ikawa kama taa. Huyo angeoa kijiji kizima. Lakini kati ya mapaja yake jasho lilikuwa limeshatoa povu, na jua la kwao lilikuwa bado halijapanda. Baba alimweka wa kumi na mbili bila huruma. Alinikumbusha kwamba siku ya mbio farasi hawa hutembezwa kutoka mabandani mbele ya umati mkubwa, wanapigiwa kelele njia nzima, na wengine humaliza mbio zao hapohapo kabla ya kufika kwenye mstari.

Halafu kuna mweusi mmoja mdogo ambaye hasemwi na mtu. Gari la maji lilipita karibu naye likipiga honi. Sikio moja likaligeukia gari, jingine likabaki kwa saisi wake, na hatua haikubadilika hata moja. Nilimrudia mara tano. Sijui kama ana mbio za kutosha, lakini utulivu ule haufundishwi, na miaka yote niliyofanya kazi hii nimeuona kwa farasi wawili tu. Lulu ni mmoja wao.

Na kuna wa kijivu.

Huyo nimempenda tangu Machi. Kifua kimefunguka, bega limelala vizuri, na anapofungwa kamba huinamisha kichwa mwenyewe ili mzee anayemtunza asijinyooshe. Mbio zake za mwisho alitoka nyuma kabisa, akapita nje ya wenzake wote kwenye kona, na mimi nilisimama peke yangu katika chumba cha nyasi nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Mnyama akikimbia hivyo, mtu unafurahi tu kwamba ulikuwa hai ukaona.

Nikamweleza baba bega, nikamweleza kifua, nikamweleza ile adabu ya kichwa. Mguu wa nyuma wa kushoto niliuona. Niliuona vizuri sana, nikaendelea kusifu mkia.

Baba aliniambia niongeze sauti. Wa kijivu alikuwa anavuka sehemu ya saruji. Baba alifumba macho, sijui kwa nini maana hayamsaidii tena, akasikiliza, akaniomba nirudishe, kisha nirudishe tena.

"Mama, huyu umempamba," akasema. Huniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, Mumbua. "Mguu wa nyuma wa kushoto unawahi kuondoka. Umeuona?"

Nikajibu kwamba nimeuona, ila labda ni kiatu tu, au video yenyewe.

"Inaweza kuwa kiatu. Mimi sijauliza ni nini. Nauliza mbona hujasema."

Mvua ilikuwa imekatika na mtu alikuwa anasukuma maji kwa ufagio upande wa pili. Baba aliweka kikombe chini.

"Huyo wa Marekani ana madaktari wake. Huyu wako, anayepita hapa na mguu kama huo tangu Jumanne, ana nani?"

Alikuwa anajua. Siku nne amekaa pale na chai yake, akihesabu hatua za Lulu juu ya kabro, akiningoja niseme mwenyewe. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa mtoto. Na ndani ya aibu hiyo, ajabu, nilimstahi baba kuliko siku zote. Mtu haoni hata mkono wake, na masikio yake yamefanya kazi ambayo macho yangu mawili mazima yamekataa kuifanya.

Ndipo akanieleza vizuri kwa nini tulitoka Nairobi. Mimi nilidhani ni kazi iliisha. Kumbe alikuwa na farasi mmoja aliyempenda, akahisi joto kwenye goti lake asubuhi ya mbio, akanyamaza kwa sababu alitaka kumwona akishinda. Farasi alivunjika mguu kwenye kona ya mwisho. Kijana aliyempanda alipona, lakini hakupanda tena. Hakuna aliyemlaumu baba, kwa kuwa hakuna aliyejua. Amekaa nalo peke yake miaka hii yote, na leo amenipa mimi.

Niliinuka nikaenda kumtafuta Kassim. Nilimkuta stoo akipiga pasi utepe wa harusi, wa kufungwa shingoni kwa Lulu. Nilimwambia yote, pamoja na zile siku nne. Alizima pasi, akakaa juu ya gunia.

"Ahsante kwa kuniambia, dada Mumbua," akasema. "Lakini siku nne ni nyingi."

Ni nyingi. Sikujitetea. Daktari wa mifugo anakuja Jumatatu, kisha mwenye zizi ataamua. Farasi wetu mwingine anaogopa mwani, hafai kubeba shela. Kassim amempigia bibi harusi simu mbele yangu kumwambia kesho hakuna farasi, na hakunitaja.

Nilirudi tukamaliza orodha. Baba amempa Karani namba moja. Mimi ya kwangu nimempa yule mdogo mweusi, na kwa mara ya kwanza baba hakunibishia. Wa kijivu tumemwacha bila namba, tukamwombea amalize salama.

Kisha nikaenda kukaa na Lulu. Nimemwagilia mguu maji baridi hadi mikono yangu ikafa ganzi, naye akaniegemeza kichwa begani kama hana neno na mimi. Nimelia, sitaficha. Huenda wiki ijayo akapakiwa kwenye lori na nisimwone tena, na atakuwa ameondoka kwa sababu ya mdomo wangu. Bado ningesema. Nilichelewa kusema, hilo ndilo ninaloliombea radhi.

Asubuhi bibi harusi atakuja ufukweni kwa miguu yake miwili, mizima, na mimi ndiye nitakayemshikia viatu.