Jumamosi Zangu Sizitoi

Jumamosi, 5 Oktoba

Chai ya tangawizi kwenye chupa. Mayai ya kuchemsha manne, moja kwa kila mtu. Mzee Kamau kanipitia saa mbili kamili asubuhi. Aliendesha teksi hapa Marekani miaka mingi na hajui kuchelewa. Da Zuhura kiti cha nyuma, ushungi wa rangi ya chungwa, eti wawindaji wasimdhanie paa. Papa Ilunga, Mkongo wetu, na fimbo zake mbili. Sisi wanne tukijumlishwa tunakaribia miaka mia tatu.

Msitu umeanza kugeuka. Njano, nyekundu, rangi ya kutu. Maili tano. Kwenye mteremko wa kijitoni niliteleza juu ya majani yenye umande, nikaangukia mkono wa kushoto. Kwanza nikacheka. Kisha ukauma. Nikamaliza maili zote.

Jumapili, 6 Oktoba

Mkono umevimba. Rehema, binti yangu, kauona wakati wa chai. Kliniki moja kwa moja. Hakuna kilichovunjika. Daktari kaniuliza nilikuwa nafanya nini, nikasema natembea. Akasema vizuri, endelea. Rehema hakulisikia hilo, au hakutaka.

Ndani ya gari Kiingereza njia nzima, kama kawaida yake akikasirika. Kwa kifupi: msitu basi. Nikitaka kutembea, ipo mashine ya kutembelea huko chini ya nyumba, ile inayotazamana na ukuta.

Nina miaka sabini na mbili. Sitembei kutazama ukuta.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimehudumia wazee wa watu miaka kumi na tisa. Najua inavyoanza. Haianzi na ugonjwa. Inaanza na mtu mwema anayesema kaa tu, nitakuletea.

Kule Oxon Hill, kwenye nyumba ya wazee, nilikuwa na bibi mmoja, zamani mwalimu wa muziki. Kila baada ya mlo alizunguka korido mara tatu, huku akihesabu kwa sauti. Wanawe wakaogopa ataanguka. Akawekwa kwenye kiti cha magurudumu. Mkanda nilimfunga mimi, kwa mikono hii. Haikupita muda mrefu, miguu ikakataa kabisa kumbeba. Wanawe walifurahi kwamba hakuanguka hata siku moja.

Sijamsahau. Kosa lile nililifanya kwa mwingine. Kwangu silifanyi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mzee Kamau kapiga simu. Anazunguka zunguka. Mwishowe kasema: Rehema amewapigia wote watatu. Wakinichukua nikaumia, ni juu yao. "Mama Rehema, sitaki maneno na mtoto wako. Pumzika kidogo."

Nimekata simu bila kuaga. Nina hasira, na si kwa Rehema. Yeye ni mtoto wangu, anaogopa. Hawa ni watu wazima.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda peke yangu. Rehema alikuwa zamu. Basi, halafu dakika ishirini kwa miguu. Bandeji mkono wa kushoto, fimbo mkono wa kulia.

Penye njia panda nilishika kushoto. Siyo yenyewe. Majani yamefunika njia, kila mahali panafanana. Simu haina mtandao. Niliogopa, naandika ukweli. Nikakaa kwenye jiwe, nikala yai, nikatulia mpaka nikasikia maji. Nikafuata kijito kinakoteremkia. Matope. Miiba. Nilitokea nyuma ya uwanja wa mpira, saa tatu nzima baada ya muda niliopanga. Hapo hapo simu ikaanza kulia. Rehema alikuwa amepiga mara kumi na saba.

Nilimwelekeza, akanikuta kwenye benchi, matope mpaka magotini. Hakupiga kelele. Akasema kwa Kiswahili, ambacho siku hizi hukitumia kuombea chumvi tu: "Baba alianguka nikiwa kazini. Nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua. Sitaki kupigiwa tena."

Kisha nikamwambia, "Nitaanguka siku moja, mwanangu, msituni au jikoni. Ukinifungia ndani hutaizuia siku hiyo. Utaninyang'anya tu zile za kabla yake."

Garini akawasha joto la kiti changu, tukaenda nyumbani.

Jumatano, 16 Oktoba

Tunasalimiana tu. Nimemwambia nilikosea kuondoka bila kuaga na kwenda peke yangu. Hayo mawili. Alisubiri nitaje la tatu. Hakuna la tatu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Saa mbili kengele ya mlango. Mzee Kamau, Da Zuhura, Papa Ilunga. Wamevaa tayari kwa safari. Wakaketi kwenye kochi jeupe la Rehema, buti juu ya gazeti. Chai wakakataa. Rehema kasimama, kakunja mikono.

Mzee Kamau akavua kofia. "Tulikuogopa wewe, tukamsahau mama yako. Tulikosea. Leo hatuondoki bila yeye."

Papa Ilunga akaongeza kwamba haraka hawana, wote wamestaafu. Da Zuhura akatoa tasbihi. Wakakaa. Dakika arobaini wamekaa! Mimi nimeshavaa koti.

Mwishowe Rehema akauliza kama kuna hata mmoja wao anayejua huduma ya kwanza. Papa Ilunga akanyoosha kidole kama mwanafunzi. Muuguzi wa Lubumbashi, miaka thelathini. Rehema naye ni muuguzi. Hajawahi kumuuliza mzee wa watu alikuwa nani. Nilimwona akiona haya.

Akatoa masharti. Nisiende peke yangu. Nikakubali. Nimtaarifu tunapotoka na tunaporudi. Nikakubali. Nivae kitufe cha dharura shingoni. Nikakataa. Mimi si ng'ombe.

Akacheka, bila kupenda. Tulitembea maili tatu tu, jua lilikuwa limeshapanda. Mzee Kamau nimemsamehe kwenye maili ya pili.

Jumamosi, 26 Oktoba

Baridi ya kwanza. Nusu ya majani yako chini, mwanga unafika mpaka kwenye mizizi. Tumekwenda polepole. Da Zuhura goti linamsumbua, tukamngoja, hakuna aliyemwambia arudi.

Juu ya kilima tulisimama. Mto unaonekana sasa, kwa kuwa miti imevua. Mwezi uliopita sikujua kwamba uko pale.

Saa sita ujumbe ukaingia. Rehema, kwa Kiswahili: Mmefika wapi, Mama?

Nikatazama nyuma, tulikotoka. Nikamwandikia neno moja: Mbali.

Nikatia simu mfukoni, tukaendelea.