Risiti ya Ng'ombe wa Scovia

Suna, Migori
14 Juni 1996

Dada Scovia,

Salamu zikufikie huko Mbita, wewe, shemeji na mtoto. Mama hajambo, na maharagwe yake yameanza kutoa maua.

Baba yuko ndani tangu Jumatatu. Askari waliingia bomani bila karatasi yoyote ya korti, wakawaswaga wale ng'ombe wa mahari yako hadi kituoni, ati ni wa wizi, na baba wakaenda naye. Leo ni Ijumaa! Katiba inasema mtu afikishwe kortini ndani ya saa ishirini na nne. Nilipomwambia inspekta hivyo, aliniuliza tangu lini nimekuwa wakili.

Anataka risiti. Risiti, Scovia! Mkuria gani amewahi kuandikiwa risiti ya mahari? Nikamjibu kwamba ng'ombe hao waliletwa dada yangu alipoolewa, na risiti yao ni yeye. Wakacheka wote pale kaunta.

"Basi mlete tumwone," akasema.

Kwa hivyo njoo, na mtoto umbebe. Nitakusimamisha mbele ya inspekta, kisha nimwulize atapiga muhuri wapi.

Ndugu yako, ambaye hasira zimemnyima hata usingizi,
Levis