Mpaka Mlangoni Tu

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Ningekuandikia kwa barua pepe kama ulivyoagiza, lakini nimechoka kujibiwa "Imepokelewa". Hii nimeiandika kwa mkono, nimempa dereva wa lori, na nimemwambia asiondoke hapo Dar mpaka akuone unaisoma. Nakala nimeibandika ukutani hapa ghalani Lushoto, kila anayetuuzia mboga aione, maana jambo lenyewe si siri tena.

Nianze na vichekesho vya ofisi yako. Uliagiza kila mawasiliano yawe kwenye kompyuta, ili uone huko uliko kila kinachoendelea huku. Haya. Kassim wa ghalani anafanya kazi nyuma ya ukuta wa mbao, nikipiga chafya ananiambia pole. Lori likifika honi naisikia, vumbi naliona, lakini Kassim lazima aache kupakua, anawe mikono, aje kwenye kompyuta yetu hiyo moja, aninyanyue kitini, akae, aniandikie mimi kwamba lori limefika. Kisha ananipisha nikae nimjibu kwamba nimeona. Na mtandao wa huku milimani, wingu likitanda tu umekatika. Basi tunabaki tunatazamana, kabichi zinanyauka. Juzi nikamuuliza, "Kassim, kwani tukiongea kwa mdomo kutatokea nini?"

"Dada, bosi hataona," akasema.

Bosi! Ndiyo wewe huyo.

Kinachonikera ni kwamba hukuwa mtu wa hivi. Kumbuka tulivyoianza biashara hii, wakati soko limefunguliwa na kila mwenye lori anapanda kutoka Mombo kutafuta mboga. Sisi hata lori letu hatukuwa nalo, tulitegemea la kukodi. Tulipanda Lukozi kwa miguu asubuhi ya ukungu, ukanivua kitenge kilicholowa ukanivisha koti lako, ukabaki unatetemeka na kujifanya husikii baridi. Nyumba ya kwanza tulipokelewa kwa bashasha. Mwenyeji akatupa chai, akatusifia, akaahidi karoti za kujaza lori zima. Tulipoaga akaishia mlangoni. Mimi nilitoka pale nikiruka kwa furaha, wewe ukacheka.

"Hajatusindikiza. Huyu haleti."

Nilikubishia njia nzima. Siku ya mzigo hakuleta hata karoti moja ya sungura. Ndipo uliponieleza kwamba watu wetu hawawezi kumwambia mgeni hapana usoni, wanaona ni kumvunjia heshima. Majibu utayaona wakati wa kuaga. Aliyekukubali atakutoa mpaka njiani, tena mbali, na hadithi mpya ataianza huko huko njiani. Aliyekukataa atakuaga vizuri sana, mlangoni.

Mzee Shemboza, kiongozi wa wakulima wa Lukozi, yeye hakutuahidi kitu. Alitugombeza kana kwamba ni sisi tuliomdhulumu miaka yote. Mkewe alikuwa anatuonea huruma kwa pembeni. Lakini tulipoinuka, mzee alichukua fimbo yake akatushusha mpaka darajani, na yule mama akatufuata nyuma na matunda ya plamsi kwenye kanga, akakuwekea mifukoni kwa mkono wake mwenyewe. Pale darajani ukaniminya mkono. "Lori limejaa," ukaninong'oneza. Na likajaa. Tangu siku ile Lukozi ndiyo inayotulisha, kaka, wewe na mimi na Kassim, na hiyo ofisi yako yenye feni.

Sasa yule mama amefariki. Nilikupigia simu siku ile ile, ukasema uko kikaoni, nikuandikie. Nikakuandikia. Ukajibu, "Imepokelewa, asante." Nilijua utakuja. Nilikwenda kituo cha basi, nikasimama pale na mwavuli wangu nikitazama kila anayeshuka, mpaka wapiga debe wakaanza kunihurumia.

Hukuja. Ukaja ujumbe wako.

Ilikuwa katikati ya matanga. Ile simu uliyompa Mzee Shemboza ndiyo iliyokuwa ikipokea rambirambi za walio mbali, na kila ujumbe ulisomwa kwa sauti, watu waitikie. Ikalia. Mkwewe akaitazama, akasimama. "Tulieni jamani. Ni salamu kutoka Dar, za yule kijana wetu." Wazee wakanyamaza. Wengine walishainua mikono tayari kwa dua. Mimi nilikuwa upande wa jikoni na wanawake, nimeshika sufuria ya chai, nikasikia kila neno:

"Mzigo wa wiki hii ni mbovu. Msilete tena mpaka mtakapojulishwa."

Najua utasema ujumbe ule ulitumwa kwa viongozi wote wa wakulima kwa mpigo. Nimeshawaambia hivyo. Unajua kaka, hiyo ndiyo iliyowaumiza zaidi. Mikono iliyoinuliwa ikashuka polepole. Niliona aibu ambayo sijui niielezeje. Nililia pale pale kwenye moshi, wakadhani ni moshi.

Juzi nimepanda tena kwa mzee, peke yangu, kumwomba radhi kwa niaba yako.

"Onga mshi, mwanangu," akanisalimia kwa Kisambaa. "Karibu, kaa."

"Shikamoo baba. Nimekuja kwa ajili ya ule ujumbe."

"Aa, hayo ya simu hayo. Kunywa chai kwanza. Kaka yako mzima? Kazi nyingi, eti? Msalimie sana."

Hakukulaumu hata kwa nusu ya neno. Aliniuliza habari za Kassim, za ghala, za bei. Kila nililosema akaitikia sawa. Nilipoaga, fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani, karibu kabisa na mkono wake. Hakuigusa. Akaishia mlangoni. "Haya mwanangu, ufike salama." Nilitembea taratibu makusudi, nikigeuka nyuma, labda amekwenda kuvaa viatu. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Jambo hili ningelituma vipi kwenye kompyuta? Ningeandika, "Mzee amesema sawa," nawe ungejibu, "Imepokelewa."

Arobaini ya yule mama bado haijafika. Njoo. Usipige simu, usiandike, wala usimtume mtu. Panda basi mpaka Lushoto, halafu Lukozi tupande kwa miguu kama zamani, ukakae chini na wanaume wenzako, uinue mikono. Akikugombeza, shukuru Mungu. Ukitoka hapo karibu kwangu, chakula utakikuta, na lile koti lako bado ninalo.

Ila ukiinuka kuaga, kaka, mimi mwenyewe sijui nitakusindikiza mpaka wapi.

Ni mimi, mdogo wako,
uliyemwacha Lushoto na kompyuta.